Modeli inanyamaza wapi?

Mdogo wangu anasoma elektroniki. Kazi yake ya mwaka huu ni saketi inayopokea sauti kutoka maikrofoni, inaikuza kwa amplifaya, kisha inaigeuza kuwa namba. Kabla ya kununua hata kipande kimoja, lazima aijaribu kwenye kompyuta, na programu inadai modeli ya kila kipande. Modeli moja inaonyesha kila transista iliyo ndani ya amplifaya. Inaaminika, lakini jaribio moja linaweza kula usiku mzima, na umeme wa mtaani kwetu haungoji. Nyingine, iliyoandikwa kwa Verilog-A au VHDL-AMS, haijali kilichomo ndani: inasema tu kikiingia hiki, kinatoka kile. Hiyo ndiyo modeli ya tabia.

“Yaya, nichukue maktaba gani ya modeli?” aliniuliza. “Si hizi nazo ni lugha?”

Tulifungua modeli moja rahisi. Ilisema: kinachotoka ni kinachoingia mara 100. Tukaingiza volti 0.4, ikatoa volti 40, na betri ya saketi ni ya volti 9. Modeli haikudanganya. Hakuna aliyeiambia kwamba betri ina mwisho.

Jambo hilo halikuwa geni kwangu. Sauti ya mtu hupanda na kushuka bila ngazi, nasi tunaiandika kwa toni mbili, ya juu na ya chini. Katika Kilingala, hizo zinatosha kutenganisha moto, yaani mtu, na motó, yaani kichwa. Lakini katika lugha nyingi za Kibantu, sauti hushuka kadiri sentensi inavyoendelea, hata toni ya juu ya mwishoni inaweza kuwa chini kuliko toni ya chini ya mwanzoni. Anayetaka kuifundisha kompyuta kusema, akipewa alama zetu mbili tu, atapata volti 40 zake.

Nilimjibu asikimbilie maktaba yenye modeli nyingi. Achague ile ambayo mwandishi wake ametaja mipaka: volti gani, joto gani, masafa gani, na nini kimeachwa kwa makusudi. Saketi nzima aijaribu kwa modeli za tabia. Sehemu inayotia shaka, kwa transista zote.

Je, sarufi zetu ngapi zina ukurasa wa mipaka? Katika kazi yangu ya kumaliza masomo, nimeuweka kabla ya sura ya kwanza.