Rafiki Uliyemwacha Kiplombe

Mwaka 2024 Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Fedha za namna hiyo hulipa karo na dawa Kiplombe, pembeni mwa Eldoret, kama kwingineko, nami sizibezi. Lakini urafiki wa tangu shule ya msingi ukibakiwa na kazi ya kuomba na kutuma tu, huchakaa: mmoja hupiga simu kwa haya, mwenziwe huipokea kwa wasiwasi. Anayetaka kuuhuisha, namshauri amtambulishe mtoto wa rafiki yake kwa mwalimu anayeheshimika.

Ushahidi uko Iten, mwendo mfupi kutoka Eldoret. Bruda Colm O'Connell alitoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, bila ujuzi wowote wa ukocha. Aliyemwingiza kwenye riadha ni mwalimu mwenzake, Pete Foster. Mwanafunzi wa O'Connell, Peter Rono, alitwaa dhahabu ya mita 1,500 Seoul mwaka 1988. Baadaye Japheth Kimutai, aliyefunzwa pia na O'Connell, alimpendekezea mwalimu huyo kijana aitwaye David Rudisha, na London 2012 Rudisha akaweka rekodi ya dunia ya mita 800, dakika 1:40.91. Mwalimu mwenyewe alitiwa njiani na mwenzake. Wanafunzi wake nao wakawavuta wengine.

Wapo watakaosema kujuana ndiko kunakotuharibia nchi, na Eldoret ina kidonda chake: mwaka 2023 wazazi waliandamana wakidai warudishiwe fedha walizolipia masomo ya watoto wao Finland na Kanada kupitia serikali ya kaunti. Hofu hiyo ni ya haki. Ila kumtambulisha mtu si kumnunulia nafasi. Mwalimu ana uhuru wa kumkataa, na aliyemleta ameweka heshima yake rehani. Asiyemjua mwalimu kwa kazi yake asimpeleke mtu. Na ikiwa umekaa nje hata huwajui tena walimu wa nyumbani, hapo ndipo rafiki yako anapokuzidi. Yeye anajua nani anafundisha kwa moyo, na anaweza kuwatafutia wanao waliozaliwa Marekani mtu wa kuwafunza Kinandi kwa simu. Tangu hapo kila mmoja ana cha kumpa mwenziwe, na hakuna aliye mwombaji.

Basi mpigie wiki hii, na kabla hamjataja pesa, muulize habari za mwalimu aliyewafundisha nyote wawili.