Shakwe wa Musoma na njaa ya siku za kwanza

Kutoka Iringo hadi ziwani si mbali, na anayefika Mwigobero asubuhi, dagaa wakianikwa, hukuta ndege wameshatangulia. Mnandi wapo juu ya mawe wakikausha mabawa. Yangeyange wanapita katikati ya kina mama wanaogeuza dagaa. Kuanzia Oktoba hivi hadi Machi huja na wageni: shakwe wenye migongo myeusi, wengine wao wamezaliwa Finland, takriban kilomita 7,000 kutoka Mara. Wale wenye madoa ya kahawia ni vijana ambao hawajatimiza hata mwaka.

Kijana kufika huku si jambo dogo. Kwa shakwe hawa dume huwa mkubwa kuliko jike, hivyo kinda dume hudai chakula zaidi ili akue. Huko Uingereza, watafiti waliwaondolea shakwe wa jamii hiyohiyo mayai yao ili watage zaidi ya yale 3 ya kawaida. Mama alipochoka, mayai yake ya mwisho yalikuwa hafifu, na makinda dume waliotoka humo walikufa zaidi kuliko majike. Matokeo hayo ya mwaka 1999 yalikuwa na la kushangaza zaidi: mama aliyedhoofu alitaga mayai mengi ya majike, lakini waliopewa chakula cha ziada hawakufanya hivyo.

Asidhani mtu kwamba udume wenyewe ndio udhaifu. Yupo ndege wa baharini wa Mexico, mwenye miguu ya buluu, ambaye jike ndiye mkubwa. Kwake, chakula kikiadimika, makinda majike ndio wanaokufa zaidi. Tatizo ni mwili mkubwa unaotakiwa kujengwa kwa siku chache.

Kwa binadamu hesabu si ileile, lakini haiko mbali sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wavulana zaidi ya wasichana. Bado kuna nyumba ambamo husemwa kwamba wa kiume ni mgumu, atakua tu hata kwa uji mtupu.

Pale Mwigobero dagaa wa kusaga kwenye uji wa mtoto aliyetimiza miezi 6 hupimwa kwa kopo au sado. Wanaodondoka mchangani huliwa na shakwe.