Kaki ni vumbi

Leo nina habari ya kitambaa, maana ndicho kinachonilisha hapa Kakese, kwetu kwenye mpunga, nje ya mji wa Mpanda.

Mwaka juzi niliomba kazi ya kushona sare za shule. Nikaenda na kaptula ya kaki ya mfano, imepigwa pasi mpaka imesimama. Mzee aliyenipokea akaanza kunihoji kwa Kiingereza. Nilimwelewa, ila ulimi uligoma. Akasema kazi ile inataka mtu aliyesoma. Mimi ni kidato cha nne na kozi ya cherehani. Nikakunja kaptula yangu nikaondoka. Wallahi nililia njia nzima juu ya bodaboda.

Sasa juzi mtoto wa dada yangu anapekua kamusi kibarazani, akaniambia, "Mama mdogo, kumbe kaki si Kiingereza!" Khak ni vumbi kwa Kiajemi, na kwa Kiurdu khaki ni kitu cha rangi ya vumbi. Miaka ya 1840 askari waliokuwa chini ya Waingereza huko India waliacha nguo nyeupe, zinachafuka na zinaonekana kwa mbali, wakavaa za rangi ya udongo. Waingereza wakalibeba na jina. Nilicheka! Kiangazi cha Kakese, kila anayepita mbele ya duka langu amevaa kaki.

Tuliendelea mpaka wali ukapoa. "Cotton" ya Waingereza imetoka kwenye Kiarabu, qutn. Pamba yetu nayo ni ya Waajemi. Pajama vilevile: pay ni mguu, jama ni vazi. Denim ni kitambaa cha Nîmes, mji wa Ufaransa.

Na nyie wa Unguja mna merikani yenu, jora lililoletwa na meli za Salem, Marekani, hasa baada ya mkataba wa Sayyid Said wa 1833. Wapagazi walilibeba mpaka Tabora na Ujiji, na njiani watemi walilipwa vitambaa ndipo msafara upite. Malipo hayo yaliitwa hongo. Ndiyo, hongo hii hii tunayoijua.

Jumatatu nimechukua fomu tena, shule ile ile. Penye aina ya kitambaa nimeandika "khaki", na ile h ya katikati sikuisahau. Mzee yule bado yupo ofisini. Naipeleka Ijumaa baada ya swala, niombeeni.