Kirusi Kimetoka, Njia Haijarudi

Yule mama mwenye steshenari hakupaza sauti. Alifungua brauza, akasubiri, akasoma ujumbe kwamba mashine imeshindwa kuifikia seva ya proksi, kisha akanigeukia. "Fundi, ulipoingia ilikuwa inafunguka."

Alisema kweli. Nilipoingia ilikuwa inafunguka, ingawa kila ukurasa ulikuja na matangazo ya kamari na ukimpeleka mtu asikotaka kwenda. Saa tatu nzima nilikuwa nimeisafisha kompyuta ile ya mezani, antivairasi ikaniambia hakuna kitu kilichobaki, na sasa haikuweza kufungua hata ukurasa mmoja. Kwenye benchi walikaa vijana wawili waliomaliza kidato cha sita, bahasha za vyeti magotini, na dirisha la maombi ya mkopo wa elimu ya juu lilikuwa katika siku zake za mwisho.

Asiyekaa hapa Kisondela anaweza kuliona hili kuwa jambo dogo. Mashine ya hapa ikigoma, kijana anapanda bodaboda hadi Tukuyu, mara nyingi kwenye mvua, na nauli hiyo imetoka kwenye maziwa au mkungu wa ndizi uliokuwa na kazi nyingine. Akifika akakuta foleni, au akakosea tarakimu moja ya namba ya mtihani, kesho anarudi tena. Ndiyo maana siwezi kumkabidhi mtu kompyuta "safi" isiyotoka nje nikasema kazi yangu imeisha.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na dawa moja tu: kupiga Windows upya. Mwalimu mmoja aliniletea laptopu yenye tatizo hilihili. Nilimuuliza kama ana vitu vya kuhifadhi, akanionyesha folda moja, nikaihamishia kwenye fleshi, nikafuta vingine vyote. Aliichukua, akasema "ndaga fijo", yaani asante sana, akaenda zake. Baada ya siku mbili nikamwona mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Zile alama za kidato cha pili umeziweka wapi?"

Alama za mihula miwili zilikuwa mezani pa kompyuta, nje ya ile folda. Alizikusanya upya kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi, somo kwa somo, na hakunidai hata shilingi. Leo najua kwamba ugonjwa wa laptopu ile ulikuwa alama moja ya tiki kwenye kisanduku kimoja. Bado naumia nikikumbuka.

Nieleze kisanduku hicho, kwa sababu mafundi wengi vijana wanapita juu yake. Programu hasidi za aina hii haziibi kwa kuvunja mlango. Zinahamisha njia. Fikiria njia ya kwenda mtoni ambayo mtu ameigeuza ipite uani kwake, ili kila abebaye ndoo aonwe na akaguliwe. Ndani ya Windows, ua huo ni mpangilio wa proksi: anwani 127.0.0.1, yaani mashine yenyewe, na namba ya mlango ambao kirusi kimekaa kikisikiliza. Brauza inakipa kirusi kila ombi, nacho kinalipeleka nje baada ya kulisoma. Antivairasi inapokiondoa, ua unabomolewa lakini njia bado inaelekea palepale. Brauza inabisha kwenye mlango usio na mtu.

Tiba yake ni kuingia kwenye mipangilio ya intaneti, sehemu ya miunganisho, kuondoa tiki ya proksi na kufuta anwani iliyoandikwa. Firefox huweza kuwa na mpangilio wake peke yake, kwa hiyo Chrome ikifunguka usidhani umemaliza.

Siku hizi kabla ya kugusa chochote nauliza mashine maswali mawili. Naandika ping 8.8.8.8. Ikijibu, modemu na njia ya nje ni nzima. Kisha naipigia tovuti kwa jina. Namba ikijibu na jina likakataa, shida iko kwenye DNS, kile kitabu cha kugeuza majina kuwa namba, au mtu ameandika uongo kwenye faili la hosts lililo ndani ya system32, drivers, etc. Vyote viwili vikijibu na brauza ikabaki kimya, narudi kwenye proksi.

Habari ya DNS ina kisa ambacho humsimulia kila kijana ninayemfundisha. Novemba 2011 polisi wa Estonia, wakishirikiana na FBI ya Marekani, walikamata kundi lililokuwa limeambukiza kompyuta zipatazo milioni 4 duniani kwa kirusi cha DNSChanger. Wangezima seva za wezi papo hapo, mamilioni ya watu wangekosa intaneti asubuhi hiyo, kwa maana mashine zao zilikuwa zinauliza majina kwa wezi. Mahakama ikaruhusu seva safi ziwekwe mahali pa zile, zikahudumia hadi tarehe 9 Julai 2012 ili watu wapate muda wa kurekebisha. Mimi nilipiga Windows kwa haraka. Wao walitoa miezi kadhaa.

Kuna aina iliyo ngumu zaidi, ile inayojipachika katika mnyororo wa Winsock, sehemu ya Windows ambayo programu hupitia kwenda mtandaoni. Ni kama watu waliosimama mstari wakipokezana tofali: mmoja akitoka na majirani wasisogee, tofali zinaanguka. Hapo hata ping huweza kujibu na kila programu ikakataa. Amri ya netsh winsock reset, ikiandikwa kwa mamlaka ya msimamizi na mashine ikawashwa upya, huupanga mstari tena. Na usisahau saa. Betri ndogo ya ubao mama ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa, na fundi anakisaka kirusi kisichokuwepo.

Kwa mama wa steshenari ilikuwa proksi. Nilitoa tiki, ukurasa ukafunguka, kijana mmoja akasimama. Nikamwomba akae kidogo. Niliwasha mashine upya na tiki ilikuwa imerudi. Hiyo ilinionyesha kwamba nilikuwa nimeua mtumishi nikamwacha bwana: kwenye ratiba ya kazi za Windows kulikuwa na kazi moja yenye jina la kubahatisha, iliyoamshwa kila mtu anapoingia. Nikaifuta pamoja na faili lake. Nikatafuta cheti bandia kwenye orodha ya vyeti vinavyoaminiwa, nikakikuta, nikakitoa, kisha nikamwambia mama abadilishe nywila zake zote kwa kutumia simu, maana chochote alichoandika kirusi kikiwa ndani huenda kilisomwa.

"Hata ya barua pepe ya ofisi?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza, mama."

Nikawasha tena. Nikafungua mipangilio: kisanduku kitupu. Nikazima, nikawasha mara ya tatu, bado kitupu. Ndipo nikamwita kijana aje na bahasha yake.