Kamba ya Machela

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipofoka moto upande wa Kongo, mbingu iliyo juu ya Gisenyi iligeuka nyekundu. Uji wa moto haukuufikia mji huo, ambao ni makao ya wilaya ya Rubavu huko Rwanda. Kilichoufikia ni mitetemeko ya ardhi. Siku kadhaa mfululizo nchi ilitikisika mchana na usiku, kuta zikapasuka, na watu wengi wakachukua mikeka na mablanketi wakaenda kulala nje.

Miongoni mwao alikuwamo fundi cherehani mmoja, pamoja na mkewe, watoto wao watatu, na mama yake mzazi. Ukuta wa chumba cha mama huyo ulikuwa umepata ufa mtu aweza kupenyeza kidole. Kumrudisha ndani kulikuwa hakuwezekani, na kumlaza chini pia kulikuwa taabu, kwa kuwa mvua za masika zilikuwa bado hazijakoma na bibi alikuwa na maradhi ya viungo yaliyochukia unyevu. Hapo ndipo fundi alipoikumbuka machela.

Machela hiyo, yaani kitanda cha kitambaa kinachotundikwa kwenye miti, iliachwa dukani mwake na msafiri wa kigeni. Gisenyi ndiko inakoanzia njia ya miguu iendayo kusini hadi Rusizi, kilometa 227 kando ya ziwa Kivu, na wageni huipita wakiwa na mizigo mgongoni. Huyo aliileta machela ishonwe pindo lililofumuka, asirudi tena. Kamba zake hakuziacha.

Fundi alidhani kamba ni kamba. Akachukua kamba nyembamba ya nailoni, ya namna wanayoitumia wavuvi wa sambaza, akafunga ncha moja kwenye mparachichi wa uani na ncha ya pili kwenye nguzo ya matofali ya baraza. Kisha akavuta. Alivuta kwa nguvu zake zote, akimwita na mkewe amsaidie, mpaka kitambaa kikanyooka kama meza, kwani alitaka mamaye alale sawasawa kama kitandani. Kwa hakika ilipendeza kuitazama.

Usiku mvua ikanyesha. Nailoni ina tabia ya kurefuka ikibeba uzito, na ikilowa hurefuka zaidi. Bibi akashuka pole pole, inchi baada ya inchi, hata mgongo ukagusa tope. Hakupiga kelele. Kulipopambazuka mwanawe alimkuta ameketi juu ya ndoo, amejitanda blanketi.

“Mwanangu,” alimwambia, “umenianika kama samaki, na samaki hata hakukauka.”

Watoto wakacheka, na baba yao angecheka pia kama macho yake hayakuangukia nguzo ya baraza. Tofali la tatu kutoka juu lilikuwa limechomoka nusu, likielekea pale pale kilipokuwa kichwa cha mama yake.

Jirani yao, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuja kutazama. Mzee huyo ujanani alikuwa katika kikundi cha ingobyi. Ingobyi ni kitanda cha kusukwa kwa matete au mianzi, ambacho kwacho Wanyarwanda wa milimani walimbeba mgonjwa mabegani, watu wanne kwa wanne wakipokezana, mpaka hospitali. Kila nyumba katika kikundi ilikuwa na wajibu wa kutoa mtu wa kubeba, na asiyefika alitozwa. Mtu aliyepanda na kushuka milima na mgonjwa begani hahitaji kufundishwa habari za uzito.

“Ulivuta mno,” alisema mzee. “Kamba uliyoinyoosha hivyo hubebi mama yako peke yake, unabeba na ukaidi wako.”

Maneno hayo yana hesabu ndani yake, nayo yafaa ijulikane na kila atakayetundika machela, ama bembea ya mtoto. Tuseme bibi ana kilo 60. Kamba zikishuka kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, kila kamba huvutwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wake wote, yaani kilo 60. Zikinyooshwa hata zikabaki na nyuzi 10 tu, kila moja huvutwa kwa zaidi ya kilo 170. Zikifika nyuzi 5, nguvu hiyo hupita kilo 340. Nguzo ya baraza iliyojengwa kubeba bati, tena iliyokwisha kutikiswa na tetemeko, itaistahimilije?

Wala machela iliyolegea haimkunji mtu kama watu wanavyoogopa. Alalaye hujiweka mshazari kidogo, kichwa upande huu na miguu upande ule, na mgongo hunyooka. Machela ilitumiwa na wenyeji wa visiwa vya Karibi, ambao Wazungu waliwakuta wakiilalia mwaka 1492, na ndivyo huilalia hivyo hivyo mpaka leo katika nchi nyingi za Amerika.

Lakini lililomuuma bibi zaidi lilikuwa mparachichi. Aliupanda mwenyewe mwaka alioolewa mwanawe wa kwanza wa kike, na bei ya matunda yake ilikuwa imenunua madaftari mengi. Kamba nyembamba ilikuwa imeingia ndani ya gome ikaacha mfereji mbichi. Chini tu ya gome ndipo kinapopita chakula cha mti, na mti uliokatwa gome kuuzunguka wote hufa ungali umesimama. Bibi aliupapasa mfereji ule kwa kidole, asiseme neno. Fundi angaliona heri kutukanwa.

Siku ile akaenda mpakani. Malori yapitayo kuelekea Goma hufungwa mizigo kwa mikanda mipana ya poliesta, na iliyochakaa huuzwa. Poliesta hairefuki sana kama nailoni, na mkanda wa upana wa sentimeta 5 huutandaza uzito juu ya gome badala ya kulikata. Aliukagua mkanda wote kwa vidole, akavikata vipande vilivyopauka kwa jua na vilivyoota manyoya ukingoni, kwa kuwa hivyo huvunjika bila kuaga. Akabakiwa na vipande viwili vizima vya meta tatu.

Baada ya hapo kazi ilikuwa yake. Alikunja kila ncha ikawa kitanzi, akashona mraba na msalaba ndani yake, mara tatu, kwa uzi mnene wa poliesta. Uzi wa pamba wa kushonea magauni huoza kwa mvua. Mkanda huzungushwa shinani, ncha ikapitishwa katika kitanzi chake, nao hujikaza wenyewe pasipo fundo.

Nguzo ikaachwa. Mkaratusi wa pembeni pia ukaachwa, kwa sababu huangusha matawi bila upepo. Mzee alikataa na kibonde cha nyuma ya nyumba, ingawa kilikuwa na kivuli. Kule upande wa Goma watu huogopa mazuku, hewa nzito isiyoonekana itokayo ardhini, ambayo hujikusanya mabondeni na kuua wanyama na watu. Naye hakutaka kubahatisha katika siku kama zile. Wakachagua mgrevilea ulio hatua tano hivi kutoka kwenye mparachichi. Mikanda ikafungwa kwenye usawa wa kichwa cha mtu mzima, na chini ya mparachichi wakatanguliza gunia lililokunjwa, ili jeraha lisiguswe. Mzee akanyoosha kidole gumba na cha shahada mfano wa bastola, akavilinganisha na mkanda, akaridhika na pembe. Kila mkanda ukafungiwa uzi wa pamba unaoning'inia, maji ya mvua yadondokee hapo yasimfikie alalaye.

Aliyetangulia kulala lilikuwa gunia la viazi, zito kumshinda bibi. Likalala saa nzima. Akafuata fundi mwenyewe, akajitikisa. Sehemu ya chini ilipobaki kwenye kimo cha kiti, ndipo bibi alipoketi, akainua miguu, akafunga macho.

Alilala humo usiku baada ya usiku, na kila jioni mwanawe alipapasa mishono kabla ya kumwamkia. Mitetemeko ikapungua, watu wakarudi ndani, ufa ukazibwa. Siku ya kuhamia, mkwewe alimwuliza kama kitanda kitandikwe.

Bibi akauliza kwanza ile nguzo ya baraza ilitengenezwa na nani.