Daftari Lisiloingia Ofisini

Jumatatu, 8 Julai 2024
Nimekabidhiwa malezi na ushauri nasaha. Mkuu alilitangaza kikaoni, katikati ya habari za maharage ya bwalo na ratiba ya zamu: "Madam, wewe una moyo wa mama, chukua malezi." Tukaendelea na maharage.

Chumba hakuna. Kipindi kwenye ratiba hakuna. Vipindi vyangu vya Kiswahili, ishirini na sita kwa wiki, havikupunguzwa hata kimoja. Utaalamu nilionao ni kozi moja ya saikolojia ya elimu chuoni, niliyoifaulu kwa kukariri hatua za Piaget usiku wa kuamkia mtihani. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Sisi tuna wanafunzi 612. Nimegawanya: themanini na saba. Na mshauri wao leo asubuhi alikuwa getini, ameshika fimbo, anasubiri wachelewaji.

Jumanne, 16 Julai
Wiki nzima amekuja mmoja, naye alitaka nimwombee ruhusa ya kwenda kwao.

Nimejua sababu. Nimepewa stoo ya vitabu, na ili mtoto aifikie lazima apite mbele ya mlango wa ofisi ya walimu. Wote wanainua macho kutoka kwenye madaftari. Kabla hajakaa kwenye kiti changu, kesi yake imeshasomwa na hukumu imeshatoka: ana mimba, ameiba, au ana barua ya mvulana.

Alhamisi, 25 Julai
N. wa Kidato cha Pili alibaki nyuma baada ya kipindi cha mwisho, akijifanya anafuta ubao. Halali. Mama yake alifariki Aprili. Yeye yuko hosteli, wadogo zake wawili wako nyumbani na baba, na baba akishaanza rubisi harudi mpaka usiku wa manane. N. analala macho wazi akijiuliza nani amewafungia mlango. Hakulia. Alikuwa anaufuta ubao uliokwisha kufutika.

"Madam, hutamwambia mtu?"

"Sitamwambia."

Nimejibu upesi mno.

Ijumaa, 2 Agosti
Saa ya chai mwalimu mwenzangu alilalamika kwamba N. anasinzia darasani, tena mstari wa mbele, kama anamdharau. Nikamtetea. Nilisema, nakumbuka kila neno: "Mwacheni mtoto wa watu, mama amekufa na baba ni mlevi." Wakasikitika. Mmoja akasema pole yake. Andazi nikamaliza.

Kipindi cha sita, mwalimu yuleyule akamkuta amelalia daftari. Akamwambia mbele ya darasa zima: "Baba anywe huko, wewe uje ulewe usingizi hapa?" Darasa likaangua kicheko. Rafiki yake ndiye aliyekuja kuniambia, na alivyonitazama siwezi kuandika.

Mwenzangu ana lake. Lakini mlango niliufungua mimi.

Jumatatu, 5 Agosti
Nimekutana na N. bombani. Shikamoo madam. Marahaba. Akajitwisha ndoo akaenda.

Jumatatu, 19 Agosti
Sijalala. Jana saa tatu usiku msichana mmoja alipiga kelele bwenini, akaanguka. Matroni alipofika na taa walikuwa wanne. Kufikia saa sita walikuwa kumi na mmoja: mikono imekakamaa, pumzi zinakwenda mbio, wengine wanalia, mmoja anasema anakabwa. N. alikuwa wa tatu.

Asubuhi uwanja ulijaa wazazi na bodaboda. Mchungaji kaja, shehe kaja, na mzee mmoja kaja na mfuko wake ambao hakuna aliyeuliza una nini. Mwalimu wa nidhamu anasema ni maigizo: wachapwe wawili, tisa watapona wenyewe. Muuguzi wa zahanati amewapima malaria, sukari na presha. Hakuna kitu. Ndiye pekee aliyesema neno la maana: watenganisheni, waondoeni watazamaji, semeni nao polepole. Akafukuza umati kwa kanga yake kama anafukuza kuku, na kweli, ndani ya saa moja saba walikuwa wamekaa wanakunywa uji.

Jumanne, 20 Agosti
Nimekwenda Nshamba kwa Shangazi. Ana miaka sabini na miwili, na nilitaka kusikia habari ambayo kwetu Muleba kila mtu anaijua nusu: ugonjwa wa kucheka, omuneepo.

Ulianza tarehe 30 Januari 1962 katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni pale Kashasha. Uhuru ulikuwa haujatimiza hata miezi miwili. Walianza wasichana watatu, wakawa 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Walimu hakuugua hata mmoja. Watoto wakarudishwa makwao, na baadhi yao ni wa huku Nshamba, ambako Aprili na Mei waliugua watu 217, wengi wao vijana na watoto wa shule. Madaktari wawili, Rankin na Philip, wakaandika taarifa mwaka 1963: hawakuona kijidudu, hawakuona sumu kwenye chakula, na hakufa mtu. Leo dunia inaisimulia kama kichekesho: kijiji Afrika kilicheka hadi shule zikafungwa.

Shangazi alikuwa na miaka kumi. "Kucheka gani?" aliniambia, akimenya ndizi bila kuinua kichwa. "Yule binti wa jirani alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, anakimbia, ukimshika anakupiga. Kisha ananyamaza. Kesho tena. Sisi tukawa tunajificha migombani tusimwone, maana tuliambiwa ukimwona inakupata."

"Na wakubwa walifanya nini?"

"Walikuja na sindano. Wakachukua damu."

"Waliwauliza kitu?"

Hapo akainua kichwa. "Kumuuliza mtoto? Mwaka ule?"

Nilitaka kumjibu kwamba siku hizi tunauliza. Nikamwangalia, nikaomba kisu nimsaidie kumenya.

Alhamisi, 22 Agosti
Kikao kirefu. Nilisimama na kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002: visizidi vinne, achape mkuu au aliyemteua, na kila adhabu iandikwe daftarini. Nikauliza daftari liko wapi. Kimya. Najua nimejipatia maadui, na najua pia kwamba fimbo yangu ya getini haikuwahi kuandikwa popote.

Wilaya imemleta mratibu wa afya ya akili pamoja na afisa ustawi wa jamii. Mratibu ni mama mfupi, haongei sana. Alituomba mbele ya wasichana tusitaje pepo na tusitaje maigizo. Mwili wa mtoto hausemi uongo, alisema, hata damu ikiwa safi. Hofu inakakamaza mikono, inabana kifua, na anayeangalia mwenzake akianguka anaweza kuanguka bila kukusudia. Maombi yafanyike Jumapili kwa anayetaka, bwenini hapana. Mkuu amekubali, na bwenini fimbo ni marufuku.

N. amepangiwa kumwona mratibu hospitali ya wilaya. Leo walizungumza dakika arobaini peke yao, na mimi nilisubiri nje kama mzazi. Afisa ustawi anakwenda kwa baba.

Jumatano, 4 Septemba
Nimeacha stoo. Tumeweka benchi chini ya mkaratusi nyuma ya jiko, njia ya bombani. Pale kila mtu anapita na kila mtu anaweza kukaa. Ndoo ni kisingizio tosha.

Wazo la pili nimelitoa Kenya. Huko Tom Osborn na wenzake walianzisha mpango wa Shamiri: vijana waliotoka sekondari juzijuzi, si madaktari, wanakaa na wanafunzi kikundi kwa kikundi, mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Walipoupima, matokeo waliyachapisha mwaka 2021: dalili za sonona na za wasiwasi zilipungua kwa wanafunzi hao kuliko kwa waliofundishwa stadi za kusoma. Mimi sina mpango wala fedha. Nina binti wa jirani yake Shangazi, amemaliza Kidato cha Sita, anasubiri chuo. Nimemwomba Jumatano zake.

Leo ilikuwa mara ya kwanza, wasichana kumi. Nilikuwa nimeandaa mada, "Kutambua hisia zetu," kwa mwandiko mzuri kwenye bango. Wao wakaanza na wadudu wa kwenye maharage. Dakika ishirini za wadudu. Nikafungua mdomo niwarudishe kwenye bango, yule binti akanikonyeza: waache. Kutoka kwenye maharage wakaingia kwenye tumbo, kutoka tumboni wakaingia chooni, na hapo mmoja akasema usiku hawaendi chooni. Wanabana mpaka asubuhi. Choo cha nyuma hakina taa, na Julai kuna mwanamume alimfuata mwenzao kutoka upande wa barabarani.

Aliyefuatwa ndiye aliyeanguka wa kwanza.

Wiki mbili nzima tumemtafuta shetani, kumbe alikuwa na viatu.

Ijumaa, 6 Septemba
Mkuu, tukimtendea haki, hakusubiri kikao. Polisi wa kata wamearifiwa, na taa mbili za sola zimefungwa njia ya chooni. Moja ni ya fedha zake mwenyewe.

Jumanne, 10 Septemba
Siku ya kuzuia kujiua. Niliomba dakika kumi mstarini. Sheria yetu, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, bado inamwita mhalifu mtu aliyejaribu kujiua akapona; mtoto atanong'onaje jambo ambalo serikali imeliandika kwenye orodha ya makosa? Sheria sikuitaja. Nilisema tu kwamba anayewaza hivyo ni mgonjwa anayestahili kusaidiwa, na hakuna atakayemshtaki kwangu.

Ahadi yangu nimeibadilisha, na nimeibandika mtini: Ulichoniambia hakiingii ofisini. Maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, nitatafuta msaada, na wewe utakuwa wa kwanza kujua nitamwambia nani.

Chini yake nimeandika 116, simu ya bure ya watoto. Halafu nikakumbuka kwamba wanafunzi hawaruhusiwi simu. Nimenunua kitochi, kinakaa kwa mpishi. Anayetaka anaomba "chumvi".

Ijumaa, 27 Septemba
N. amekaa kwenye benchi. Niliomba radhi kabla sijamuuliza chochote. Nilimweleza nilisema nini, wapi, na mbele ya nani, kwa sababu alistahili kujua.

"Ulisema hutasema, madam."

"Ndiyo."

Alikaa kimya mpaka ndoo ikafurika. Kisha akasema wadogo zake wako kwa bibi sasa, na kwamba juzi alilala mpaka kengele. Hakusema amenisamehe. Sikuuliza.

Alhamisi, 10 Oktoba
Siku ya Afya ya Akili. Kaulimbiu ya mwaka huu ni afya ya akili mahali pa kazi. Nimeibandika ofisini, mmoja akauliza kama inakuja na posho.

Jioni, wasichana wakiwa wameondoka, mwalimu aliyemcheka N. alikuja benchini. Alisimama kwanza, akatazama mti. Kisha akakaa, akaniuliza kama lile tangazo linahusu na walimu. Nikamwambia linahusu. Tumekaa mpaka giza. Aliyoniambia hayaingii humu.

Jumanne, 15 Oktoba
Taa moja ya chooni imeibwa. Nimemwandikia mkuu barua ya kuomba nyingine.