Saa Tano za Kwenda Maskati

Kutoka Unguja hadi Maskati ni takriban kilomita 3,900, na ndege iendayo moja kwa moja hutumia kiasi cha saa tano. Wazee wetu walivuka masafa hayo kwa majahazi, safari ya wiki kadhaa: kaskazi ikiwaleta pwani yetu, kusi ikiwarejesha Arabuni. Mwaka 1856 Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini akirejea Unguja kutoka Maskati.

Sisi hatukungoja upepo, tulingoja nafasi. Shangazi yetu aliyeko huko alituita kila Ramadhani, nasi tukamjibu: inshaallah, mwakani. Zilipotufikia habari za maradhi yake, tulipanda ndege ya kwanza tuliyoipata. Tulipotua tulisogeza mbele saa zetu kwa saa moja. Adhuhuri ilikuwa imekwisha kuswaliwa, na shangazi yetu amekwisha kuzikwa.

Wanawe walitupokea kwa kahawa na tende, wakatuonyesha chumba alichotutandikia tangu Ramadhani iliyopita.

Ndugu wasomaji, udugu hauungwi kwa nia pekee. Mwenye jamaa wa mbali, naye ana uwezo wa nauli, asiseme mwakani.